Mukono wa Kulia

Rumonge, 12 Septemba 1971

Kulthumu mutoto wangu,

Amahoro, mama. Umeamkaje? Na mukwe wangu, na watoto, bado wanakohoa? Sisi huku tunapumua. Magoti yananisumbua lakini hayo tumeshazoeana. Anayeandika ni Amisi, fundi wa cherehani. Nimekaa kwenye kiti cha wateja wake na ananiambia nifupishe, eti iko na kanzu ya mutu ya kumaliza. Andika, Amisi, kanzu haiozi.

Ni habari ya ndugu yako Maneno. Juma nne mashine ya kukamua mawese, kule kwenye kiwanda cha Mugiriki, ilimukamata mukono wa kuume. Vidole vinne vimekwenda, kimebaki gumba peke yake kama mutu aliyefiwa na ukoo. Hajafa, usipige kelele. Iko kwa masista, dispansari, wamemufunga bandeji kubwa kama kichwa cha mutoto.

Mugiriki alileta kilo ya sukari akasema pole. Marehemu baba yako alipoanguka kwenye mugazi akivuna mawese, wakati wa Wabelgiji, walitupatia blanketi. Ile blanketi ilikuwa nzito, haikuwa mbaya, ilitulaza watu wanne. Amisi ananiangalia. Basi.

Sasa sikiliza. Kapita wao, musimamizi wa kazi, Sylvestre, ndiye aliyezima mashine. Alipita nyumbani akaniambia: "Mama, usikubali sukari. Kuna bima. Kila mwezi wanatukata. Mutu akiumia kazini, bima inalipa munganga, inalipa siku za kukaa bila kazi, na kiungo kikipotea inalipa mpaka siku ya kufa kwake." Nikamuuliza, na kama kosa ni lake? Maana unamujua Maneno, mikono inafanya kazi na mudomo unafanya kazi. Akasema bima haiulizi kosa la nani, inauliza tu kama ulikuwa kazini. Nilicheka, Kulthumu. Ndoa zingekuwa hivyo tusingeachana, ningezeeka na baba yako.

Wewe uko Buyenzi, biro ya hiyo bima iko huko. Nenda uulize. Maneno iko na watoto watatu, na kazi aliyoijua ilikuwa ya mikono.

Mama yako

*

Bujumbura, Buyenzi, 3 Oktoba 1971

Mama yangu mupendwa,

Salamu kwako na kwa wote. Hatujambo, kikohozi kimeondoka. Barua ilinikalisha chini.

Nimekwenda biro mara tatu. Mara ya kwanza mukubwa alikuwa ametoka. Mara ya pili alikuwa anatoka. Mara ya tatu nilikaa mulangoni nikamuzuia. Anasema Sylvestre alisema kweli, ni haki, si zawadi. Lakini Mugiriki alitakiwa aandike karatasi mara moja na hakuandika. Sasa dosiye, faili la kesi, tumeifungua sisi wenyewe. Wanataka karatasi ya masista, na mutu wao atakuja Rumonge kumuuliza Maneno mambo yote. Kisha watahesabu mukono ni ngapi kwa mia. Wa kuume unahesabiwa zaidi ya wa kushoto.

Mama, mwambie ajibu vizuri, asifanye michezo yake.

Binti yako Kulthumu

*

Rumonge, 20 Desemba 1971

Kulthumu,

Amahoro. Habari za siku nyingi? Sisi tuko, mvua imetuharibia njia, dagaa hazikauki, nyumba nzima inanuka. Amisi anakusalimia, sasa ananiwekea muto kwenye kiti.

Mutu wa biro amekuja. Kijana wa milimani, na viatu vizuri, Kiswahili amekiokota sokoni juzi. Alikaa kwenye baraza la dispansari, akauliza, akaandika, hakumuangalia Maneno usoni. Masista walipofungua bandeji aligeuka kuangalia ziwa. Watu walikuwa wengi, wanacheka na Maneno. Mimi sikusikia maneno yenyewe, nilikuwa nyuma na masikio yangu haya.

Sasa hiyo hesabu ya kwa mia. Sista ananiambia mukono kama ule unaweza kuwa arobaini. Arobaini! Na sitini nyingine iko wapi? Kulthumu, waulize wamehesabu nini. Kukamua? Kulima? Na kula je? Siku ya Idi, sinia imeletwa, wanaume wote wamekaa, ndugu yako amenyanyuka akasema ameshiba. Hajala kitu. Hawezi kutia wa kushoto kwenye sinia ya watu. Mimi namulisha chumbani mutu na ndevu zake. Waandike hiyo nayo, kwamba ni mukono wa kula. Amisi anasema hawana mahali pa kuandika hiyo. Basi wachore mahali.

Mama yako

*

Buyenzi, 18 Februari 1972

Mama,

Sijui nikusalimie vipi. Wote wazima.

Wamekataa. Mukubwa wa biro alinisomea mbele ya watu. Karatasi ya masista inasema mukono wa kuume. Karatasi ya mutu wao inasema wa kushoto, na chini yake ameandika kwamba mugonjwa mwenyewe ndiye aliyesema. Karatasi mbili zinagombana, kwa hiyo mutu ni muongo. Alisema: "Madamu, ndugu yako ameumia mikono mingapi?" Watu wakacheka.

Mama, Maneno alisema nini pale?

Kulthumu

*

Rumonge, 9 Machi 1972

Mutoto wangu,

Tuko. Sina nguvu ya salamu ndefu.

Nilimuita Maneno mbele ya Amisi huyu huyu. Nikamuambia: "Weye, yule kijana alikuuliza nini?"

"Aliuliza, mukono ulioumia ni wa kulia?"

"Ukamujibu?"

Akaangalia chini. "Nilimuambia, hapana bwana, wa kulia ni huu." Akainua wa kushoto! "Si ndio ninaokulia sasa, mama? Ulikuwa muchezo. Watu wote walicheka."

"Na yeye alicheka?"

"Hapana. Yeye aliandika."

Nilitaka kumupiga, nikakosa mahali pa kupiga. Tangu mashine imukamate nilikuwa sijasikia akicheka, na siku moja aliyocheka ndiyo imetula. Amisi naye, mutu muzima, amecheka mpaka sindano imemudondoka, kisha akafuta macho.

Basi nimekwenda kwa Sylvestre. Nimetembea mwenyewe mpaka Gatete na magoti haya. Muke wake hakutaka. Alisema: "Mama, mume wangu akienda kumusemea mutu biro, Mugiriki atamutoa kazini." Sylvestre akamaliza muhogo wake. Kisha akasema: "Mimi ndiye niliyezima mashine. Najua ilikuwa imeshika mukono gani." Atakuja. Uliza siku.

Mama yako

*

Buyenzi, 7 Aprili 1972

Mama yangu,

Salamu nyingi, na pole ya magoti. Siku ni Juma nne, tarehe 2 ya mwezi wa tano, asubuhi. Waje wote wawili, Maneno na Sylvestre. Nimeomba jina la Maneno lisiondolewe kwenye dosiye wala kwenye karatasi ya wafanyakazi kwa Mugiriki mpaka kesi iishe, maana bila jina pale kesi inakufa. Wamekubali.

Nitapika. Walale kwangu.

Binti yako

*

Buyenzi, 30 Juni 1972

Mama,

Hii ni barua ya tatu. Mbili za kwanza sijui zimefika wapi, hakuna gari la kwenda kusini. Hii namupa muuza samaki, anasema atauliza Rumonge, na kama hamuko atauliza ng'ambo ya ziwa.

Tarehe mbili nilisimama kwenye mulango wa biro mpaka walipoufunga. Habari za vita vya huko kwenu nilikuwa nimeshazisikia, lakini nilisimama.

Juzi wameniita. Mukubwa wa zamani hayuko, kuna mwingine, sikuuliza. Huyu amefungua dosiye, amekuta buku la masista la kuandikia wagonjwa, amesema mukono ni wa kuume na imekwisha, shahidi hatakiwi tena. Wamekubali, mama! Ni mpaka siku ya kufa, kama alivyosema Sylvestre. Maneno aje tu mwenyewe atie sahihi.

Nijibu hata neno moja.

Kulthumu

*

Baraka, Septemba 1972, tarehe anayeandika haijui

Kulthumu mama yangu,

Amahoro. Niko, na Maneno iko, na muke wake, na watoto watatu. Nimeanza na hiyo ili usome mengine ukiwa umekaa.

Utaona mwandiko si wa Amisi. Huyu ni karani wa kanisa, Mushagalusa, mutu wa hapa Kongo, sasa wanasema Zaire, jina ni lao. Haniharakishi. Amisi alikuwa haniachi nimalize neno, na sasa nina maneno mengi na hayuko wa kunikatiza.

Ile Juma mosi vita vilipoingia Rumonge tulikimbilia migazini. Tulirudi baada ya siku nyingi, tukasema imekwisha. Kisha ikaja kamiyo, lori la askari, kwa Mugiriki. Walikuwa na karatasi. Kulthumu, ilikuwa karatasi ya wafanyakazi. Walikuwa wanasoma, mutu anaitika, anapanda, na aliyepanda harudi. Sylvestre aliitika. Muke wake aliniambia alikuwa amevaa shati la kuja kwako, hana lingine safi. Walisoma na jina la Maneno. Mutu ambaye hajatia muguu pale tangu mwezi wa tisa! Hakuwako wa kuitika. Wakalisoma mara ya pili, wakaandika kitu pembeni. Muke wa Sylvestre alikuja kutuambia mbio, yeye aliyefiwa ndiye aliyekimbia kutuambia sisi. Jioni ile tukaingia mutumbwi, tukavuka ziwa.

Sikulaumu, mutoto wangu. Mimi ndiye niliyekutuma. Ulifanya yote kama mutu mwenye akili, na jina lilikaa pale kama tulivyotaka.

Barua yako muuza samaki ameileta. Karani amenisomea mara mbili. Ile ya mpaka siku ya kufa nilimuambia asirudie. Maneno alisikiliza amekaa mulangoni. Sasa anauza chumvi hapa sokoni, anapima na wa kushoto, watu wamezoea.

Haji, Kulthumu. Wewe pia usilete karatasi ya kutia sahihi, usitume mutu. Nenda biro mara moja, ya mwisho. Sema Maneno amekufa. Ona wanafuta, usitoke mpaka uone kalamu imepita juu ya jina. Kisha barua hii uitie kwenye moto wa jikoni.

Hawatakuuliza alikufa vipi. Siku hizi, naambiwa, watu wengi wanakwenda kusema hivyo, na karani hata hainui kichwa.

Mama yako