Sote Wawili Tumefeli

Bariadi, 3 Novemba 2024

Mdogo wangu Masalu,

Mwangaluka. Mama anaendeleaje, ule mkono uliopooza umeanza kushika kitu? Mimi mzima, ila bwenini hakulaliki, mtihani wa kidato cha nne ndio huo unakuja.

Matokeo yenu ya darasa la saba nimeyaona kwenye simu ya matroni. Masalu, umefeli? Hata hesabu E? Wewe uliyekuwa unanikosoa hesabu zangu za form one huku unatafuna muwa! Hata ng'ombe wa baba angeshikishwa penseli angesiliba vile viduara vya majibu vizuri kuliko wewe. Nimelia. Ulikuwa unaumwa? Niambie.

Dada yako,
Nyanjige

Sola, 1 Desemba 2024

Dada,

Pole na mitihani. Mama anakula vizuri, anakuulizia. Nilisubiri kwanza umalize, nisikuvuruge.

Sikuumwa. Mwezi wa nane, tukikamua ng'ombe, baba alisema: "Masalu akienda sekondari Januari, Nyanjige atarudi kumuuguza mama yenu. Habari za kidato cha tano asahau." Basi kwenye mtihani nikawa nasoma swali, najua jibu, nasiliba la pembeni yake. Swali la pembetatu tu mkono ulikataa kukosea, nikalijibu sawasawa.

Mwalimu Januarius alinisimamisha njiani. "Masalu, mimi nakujua." Nikaangalia chini. Amenifundisha toka sijui kushika penseli, lakini wanaosahihisha hawakumuuliza yeye. Waliuliza karatasi.

Usimwambie baba. Wewe nenda kidato cha tano, mama niachie mimi.

Mdogo wako,
Masalu

Bariadi, 25 Januari 2025

Masalu,

Salimia mama. Barua yako nimeisoma mpaka imechanika kwenye mkunjo.

Matokeo yetu yametoka. Nimepata divisheni ziro. Mimi sikukosea makusudi, nilijitahidi mpaka kichwa kikauma. Jinsi moyo unavyosukuma damu naijua. Likizo ya mwezi wa sita nilimweleza mama kwa Kisukuma, akacheka, akasema kumbe tumebeba pampu. Lakini swali lilikuja kwa Kiingereza. Nilielewa wanachotaka, maneno ya kujibu ndiyo hayakuja. Niliandika mistari miwili. Anayesahihisha huko mbali angejuaje kilichobaki kichwani?

Wewe umeniachia nafasi yako na mimi nimeimwaga. Nitakuangaliaje usoni? Mama Nasrin wa dukani, ninayemsaidia hapa tangu mtihani uishe, amenipa kazi na pa kulala. Usinifuate.

Nyanjige

Sola, 16 Machi 2025

Dada yangu,

Mwadila. Tangu Januari hii ni barua ya tatu naandika, zile mbili hukujibu. Labda zimepotea. Mama hajambo. Ile barua yako mwishoni hukuandika "dada yako". Niliona.

Juzi baba alikuwa na wageni uani. Akasema, "Hawa wangu wawili, Mungu aliwanyima kichwa." Wakacheka. Mwalimu Januarius alikuwepo, hakucheka. "Masalu si mjinga, mzee," akasema. "Masalu, sema mwenyewe."

Wote wakanigeukia. Unanijua, mbele ya watu sauti yangu hupotea. Siku hiyo haikupotea, dada. Nilikuwa nayo kabisa mdomoni. Ila nikawaza, nikisema nilifeli kwa kutaka, atakayebaki amefeli kweli ni wewe peke yako.

Nikasema, "Mtihani ulikuwa mgumu, mwalimu."

Mdogo wako,
Masalu