Kwa Yoswa, Fundi wa Neno Get

Yoswa, Mungoni wangu, mula-panya,

Miye huyu, Musonda. Usijifiche. Najua unasema, "Huyu Mubemba hata mu kaburi ananiletea makelele." Njo hivyo. Nakuletea.

Kwanza habari za kwako. Kinga yako, ile baisikeli, Tomasi mutoto yako njo anaipanda sasa, na anaipanguza sawa vile ni sahani ya kanisa. Bibi yako, Mama Rute, alianza tena kukula bukari, ugali yetu. Kiti yako ya mbele ya nyumba, miye nilishaichukua. Usikasirike. Weye hauna tena matako ya kuikalia.

Sasa nikuambie vile tulikuzika, juu hakuna muntu mwingine atakuambia muzuri.

Unakumbuka kazi yetu ya tanuru ya shaba, wakati tulikuwa vijana? Ule kapita Muzungu, musimamizi wetu, Mwingereza, alikuwa na neno moja tu mu kinywa: get. Muntu amelala, get. Anataka maji, get. Wagoni inakuya, get! Siye bote tunasimama sawa mbuzi mu mvua. Weye ulisoma ku misioni kwenu Nyasa, ulikuwa unajua. "Get up, muamuke! Get water, mulete maji!" Na siku ile chungu ya shaba ya moto iliinama, Muzungu akalia "Get back!", weye ulipiga kelele "Rudini nyuma!" mbele yeye hajafunga kinywa. Tuliruka bote. Hii miguu yenye inanipeleka mpaka leo ku pombe, ni kazi yako. Sikukuambiaka. Nakuambia leo, lakini usijivune.

Nilikuwa nakuchokoza: "Bangereza ni bamasikini gani? Neno moja linatumwa kila pahali, sawa boyi wa nyumba!" Na weye: "Mubemba, neno hili ni sawa bukari. Usiangalie bukari. Angalia kintu yenye iko pembeni mu sahani." Njo vile nilijifunza. Get married, owa, ulisema siku ulimupata Rute. Get well, pona, wakati homa ilinishika. Get lost, potelea mbali, hii ilikuwa yangu ya kila siku. Na magaribi, pombe ya munkoyo ikikwisha, unanisindikiza mpaka ku kona ya njia, unasema, "Get home, Mubemba." Fika nyumbani. Na nilikuwa nafika, hata kama ni kwa magoti.

Basi, ukakufa. Unajua desturi yetu: Mungoni akikufa, Mubemba njo anasimama mbele ya sanduku, anamutukana, anamuigiza, mpaka bantu bacheke. Bila hivyo banakuzika sawa mugeni mwenye hana muntu. Lakini Tomasi ni kalaka sasa, karani wa biro, alivaa kravati, na bakubwa ba biro yake balikuwa pale. Akanivuta pembeni. "Baba mukubwa, tafazali, leo apana matani. Bantu banaangalia."

Kukuzika kimya? Weye?

"Baba yako alikuwa mutani yangu," nilimuambia, "mbele weye haujakuwa hata mawazo." Nikaenda kusimama mbele ya sanduku.

"Yoswa! Get up!"

Nikatega sikio ku sanduku.

"Munaona? Maisha yote alitufukuza mu malalo asubuyi. Leo yeye njo muvivu!" Mumoja akacheka. "Get water, Yoswa, kiu inatuua!" Nikaigiza mutembeo wako wa bata. Bakubwa ba biro baliinama, mabega yanatetemeka. Tomasi aliangalia viatu vyake tu.

Kisha nikafika ku ile ya mwisho, ile ya kona. Nikafungua kinywa. Ikakataa kutoka. Miye, mwenye kinywa sawa soko... nikasimama tu, sawa mbuzi mu mvua.

Na Mama Rute, mwenye hakusema kintu tangu ulikufa, akasimama pale mu mukeka. "Get home, bwana yangu," alisema, na nguvu, mpaka nyuma kule bakasikia. Njo pale tulikuteremusha.

Sikia sasa. Juma lile lingine Tomasi alikuya kwangu, hakuna kravati. "Baba mukubwa, siku yako ikifika, nani atakutukana? Bangoni mu kambi hii ya tanuru bamebakia bangapi? Unifundishe." Namufundisha. Alianza na aibu, sauti ya kalaka. Lakini jana, mbele ya majirani, akasimama: "Musonda, mula-nyani, mwizi wa kiti, hata udongo utakutapika!" Nilicheka mpaka machozi. Anakupita weye, Yoswa. Mutoto yako anakupita, na miye natembea mu kambi kifua mbele sawa vile nilimuzaa.

Sasa nakuacha ulale. Nakuahidi: Mama Rute hatakosa kuni ku mulango, kiti yako haitabebwa na mwizi mwingine, na Tomasi atajua matani yetu yote, hata ile ya kapita yenye hatuwezi kuandika hapa. Miye siku nikikuya, usinipokee na machozi. Unisubirie ku kona ya njia. Unajua ya kusema.

Mubemba yako,
Musonda