Kwato Sigawi Tena

Athi River,
Jumapili baada ya kanisa

Kaka Mumo,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na shemeji na wanangu wote hapo nyumbani Shimba Hills. Mwaitu anaendeleaje na lile goti? Mwambie mama yetu asinifiche. Nikimuuliza kwa simu hujibu kwamba hajambo, halafu namsikia akivuta kiti aketi. Mvua imeshuka huko? Huku ni upepo na vumbi la simiti tu, lakini afya ninayo, nakula vizuri, na kanisani nimekwishapata kiti changu.

Nimeamua kukuandikia kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi. Kila nikifungua mdomo unacheka. Leo utasoma mpaka mwisho, na ukicheka utacheka peke yako.

Nimepata habari za harusi ya binti wa mjomba. Nimeambiwa ulisimama mbele ya wageni ukatangaza kwamba mdogo wako amesafiri hadi Ukambani, kwa mababu zetu, kuwapiga mbwa mswaki. Dada yetu Mbithe ndiye aliyenisimulia, na yeye mwenyewe alikuwa anavunjika mbavu kwa kicheko. Sawa, sikukasirika sana. Nilikasirika kiasi. Kwa hiyo kabla sijakujibu kuhusu ile nafasi ya dukani kwako, ambayo umesema nisipoichukua mwezi huu utampa mtu mwingine, nataka ujue ulikuwa unacheka kitu gani.

Unajua natunza mbwa wa kampuni ya ulinzi, wale wanaolinda mageti ya viwanda huku. Nawalisha, naosha vibanda, nawatembeza. Mkubwa wetu hapo ni Bwana Kimeu, mtu wa Katangi, mwenye roho safi kabisa, ambaye hunitania kwamba Kikamba changu kina chumvi ya bahari. Yeye ndiye aliyeanzisha Jumamosi ya kwato. Kila Jumamosi hupitia machinjioni na kurudi na gunia la kwato za ng'ombe zilizokauka juani, na kila mbwa hupata yake. Hapo husikii kingine ila kuguguna. Sote tuliamini kwato ndiyo mswaki wa mbwa, maana ni ngumu, haiishi upesi, na inakwangua uchafu wa meno. Mimi nilikuwa wa kwanza kuzigawa, tena kwa furaha.

Sasa kuna mbwa anaitwa Bosco. Ni mkubwa, mweusi mgongoni, na ana adabu kuliko baadhi ya walinzi wetu. Ukimwekea chakula hakigusi, anakutazama mpaka umwambie "haya." Huyo Bosco alianza kuangusha chakula. Anatafuna upande mmoja, anaacha, anaenda zake pembeni. Baadaye akavimba chini ya jicho. Wengine wakasema ameumwa na nyuki. Halafu asubuhi moja mlinzi alimvuta ukanda wa shingoni kwa nguvu, Bosco akageuka na kuirarua mikono ya koti lake. Ngozi haikuguswa, lakini meneja alikuja.

"Hii mbwa imeharibika," akasema. "Haiwezi rudi geti. Kesho aitwe mtu wa sindano."

Sindano gani, unaijua mwenyewe, ile ya kuua.

Kaka, hapo nilimkumbuka mbwa wetu Tomi. Sijui kama wewe unamkumbuka. Marehemu baba alisema Tomi amekuwa kichaa kwa sababu alimngurumia mtoto aliyemshika kichwa. Baba akamfunga kamba, akaenda naye nyuma ya migomba na panga, akarudi peke yake. Simlaumu, alikuwa analinda watoto wake. Lakini Tomi alikuwa amevimba chini ya jicho, upande huo huo, na sisi tulikuwa tukimtupia kila mfupa mgumu uliobaki kwenye sufuria. Nilipomwona Bosco na uvimbe ule, nilishika mnyororo wake nikakataa kuuachia.

Nilimwambia meneja daktari wa mifugo aangalie mdomo kwanza. Akaniuliza, je, akimuuma daktari? Nikamjibu kwamba kichwa nitakishika mimi, ataanza na mimi. Akasema, "Ikiuma mtu hapa, mnatoka wote wawili." Nikasema sawa. Nitakwambia ukweli, niliogopa, maana kazi nyingine sina, na kurudi kwako hivyo ningekuwa hadithi ya harusi zote za Kwale.

Daktari Mueni alitoka Machakos mjini kesho yake. Ni mwanamke mfupi, hana maneno mengi. Nilimkumbatia Bosco shingoni akadungwa dawa ya usingizi. Alinguruma, nikamsikia mpaka kifuani kwangu, lakini hakuniuma. Alipolala daktari alifunua mdomo. Lile jino kubwa la juu, la nyuma, analokatia nyama, lilikuwa limebanduka ubavu mzima kama kigae cha ukuta, na usaha umepanda hadi chini ya jicho.

"Huyu si mkali," akasema. "Huyu anaumwa. Mnampatia nini ya kutafuna?"

Nikamwonyesha gunia. Bwana Kimeu alikuwa amesimama pale pale, akaangalia chini. Daktari akatoa kwato moja, akanipa, akaniambia nibonyeze kwa ukucha. Nilibonyeza mpaka ukucha ukapinda, kwato haikuonyesha hata alama. Akanieleza kwamba kitu kisichokubali ukucha kabisa kinaweza kulivunja jino. Mfupa nao ni hivyo hivyo, na uliopikwa ni mbaya zaidi, kwa sababu unapasuka vipande vyenye ncha vinavyotoboa matumbo. Ngozi kavu hulainika mdomoni ikateleza nzima, mbwa akakabwa. Kinachofaa ni kile kinachobonyea kidogo, kikubwa kuliko mdomo wake, na kikibaki kidogo unamnyang'anya kabla hajakimeza. Na hata hivyo, akasema, mswaki uko pale pale. Kwa hiyo ndiyo, kaka, nawapiga mbwa mswaki, tena kwa dawa yao wenyewe, kwa sababu ya watu ina vitu vinavyowadhuru.

Jino liling'olewa. Jumamosi iliyofuata Bwana Kimeu akaingia na gunia lake kama kawaida, akalibwaga mbele yangu nigawe. Walinzi wote walikuwepo. Nikamwambia sigawi.

"Kyalo," akasema, "mbwa imekula mfupa tangu Mungu aiumbe."

"Na imevunjika meno tangu hiyo siku, mzee. Ni vile haiwezi sema."

Mtu mmoja akacheka, na hilo ndilo lililoharibu. Bwana Kimeu alilibeba gunia mwenyewe akaondoka, akaninunia wiki baada ya wiki. Salamu yangu alikuwa akiijibu kwa kukohoa. Iliniuma, kwa sababu ni yeye aliyenipokea nilipofika hapa sijui mtu. Lakini sikugawa.

Kukataa ni rahisi, kazi ni kutafuta kinachofaa, kwa sababu mbwa asiye na cha kutafuna hutafuna mlango. Nilijaribu kipande cha tairi kuukuu, nikakuta ndani kuna nyuzi za chuma, nikakitupa. Kuni zikawa zinawaachia vibanzi kwenye fizi. Daktari akaniambia nitafute uume wa fahali, ukikaushwa unapindika na unadumu. Nikaenda buchani. Mwenye bucha ni mama mmoja wa Kithimani, mcha Mungu sana. Nilipoutaja aliinamia meza akaniuliza kwa sauti ya chini kama mke wangu amelalamika, akaniahidi na mizizi ya kuchemshia. Nikasema sina mke, ni ya mbwa. Bucha nzima ikaangua kicheko kuliko hao wageni wako wa harusi. Nilikaa pale nikangoja nifungiwe, na sasa kila wiki ananiwekea bila kuuliza.

Nikaukausha juu ya paa chini ya wavu, inzi wasitue. Ukucha uliingia, mbwa wakapenda, lakini Bosco alikuwa anaumaliza upesi mno. Ndipo daktari akaniletea kitu cha mpira mzito chenye tundu katikati. Ukibonyeza ukucha unazama, ukiachia panarudi. Najaza ugali uliochanganywa na supu ya omena, nagandisha kwenye friji, na Bosco anakifanyia kazi asubuhi nzima kwa upande mzima wa mdomo, amefumba macho. Nilimganda meneja mpaka akaagiza vya mbwa wote. Nadhani alinichoka tu.

Bosco amerudi getini. Uvimbe umeisha, hajamgusa mtu, na yule mlinzi wa koti ndiye anayemtembeza. Na juzi nilimkuta Bwana Kimeu nyuma ya stoo ameshika kipande cha kano kavu, anakibonyeza kwa ukucha. Aliponiona akakificha nyuma ya mgongo, akaniuliza, "Unaangalia nini?" Nikasema siangalii kitu. Ndiyo maneno yetu ya kwanza tangu ile Jumamosi.

Basi jibu langu ni hili. Dukani siji. Mpe nafasi hiyo mtu mwingine, na usimwambie mwaitu kwamba nimepotea, kwa sababu sijapotea. Nakushukuru kwa kunifikiria, lakini sitaki kufikiriwa kama mtu wa kuokolewa. Ukiulizwa tena kwenye harusi mdogo wako anafanya kazi gani, wajibu vile vile ulivyojibu, ila safari hii usicheke.

Msalimie mwaitu, ajikande goti lake kwa maji ya moto kabla ya kulala. Msalimie shemeji anayekuvumilia. Mbithe mwambie namdai kicheko. Wanangu wabusu mmoja mmoja, na waambie wasimguse mbwa anapokula.

Nimesikia mmeleta mbwa mpya hapo nyumbani. Mwite karibu, mfunue mdomo taratibu, uangalie meno ya nyuma pande zote mbili. Na siku akianza kuwangurumia watu, kaka, usiamue chochote. Nipigie. Nitapanda basi siku hiyo hiyo, na kichwa nitakishika mimi.

Ni mimi mdogo wako, mpiga mbwa mswaki,
Kyalo