Nilivyomnyima Saidi Utani Wake

Ijumaa ya tatu ya Kwaresima

Leo tumemzika Saidi, mtani wangu Mzaramo. Na mimi Mnyamwezi, bingwa wa mizaha Kariakoo nzima, sikufungua mdomo!

Tangu Jumatano ya Majivu nimefunga mizaha kwa ajili ya Yesu. Nikajiona mtakatifu hasa.

Jeneza lilipotolewa, dada yake akanipigia kelele toka barazani, "We Mnyamwezi! Mtani gani asiyezuia jeneza na kutuchekesha? Hata tusi moja humpi mwenzio?"

"Nimefunga, dada."

Machozi yakamtoka. "Nasi tulikuwa tunakungoja wewe tu."

Ee Mungu, kweli ungechukia kama ningewachekesha wale? Saidi amekwenda kimya, kama mtu aliyefia ugenini, na mimi nilikuwa pale pale, mzima, nimeshika rozari yangu...