Jitu la Chuma Nililolipa Jina la Baba

Bunia, mtaa wa Lumumba

Mama mpenzi,

Kwanza goti lako, linaendeleaje? Na mihogo ya bondeni, nguruwe wamewaachia chochote mwaka huu? Mimi mwili ni mzima, namshukuru Mungu. Moyo ndio mgonjwa, na ugonjwa wenyewe nimejitafutia. Huenda Shangazi amekwisha kufika nyumbani na umeyasikia. Kama bado, basi yasikie kwangu.

Unajua kazi yangu hapa: nasimamia chumba cha michezo ya televisheni, watu wanakuja, nawawashia mashine. Mchezo unaopendwa siku hizi ni wa majitu ya chuma, marefu kupita kanisa la kwetu, yanayopigana mpaka moja lilipuke. Kabla ya kupigana unaliunda jitu lako mwenyewe. Unachagua miguu, kifua, silaha, injini, rangi, na mwisho unalipa jina. Mimi ndiye mwalimu wa wateja. Kila siku nawapigia kelele: "Angalieni uzito kwanza! Ukilipakia kama lori la Aru, halitageuka!" Wananicheka, wanapakia, wanapigwa, halafu wanarudi kuniuliza kwa nini.

Jumapili baada ya misa kulikuwa na mashindano, nami nikaamua kuunda langu. Mama, nilikuwa namwaza Baba. Nilikumbuka alivyokonda mwishoni, tukawa tunamgeuza kitandani kwa mkono mmoja. Basi nikalipa jitu kifua kinene kuliko vyote, mabega mapana, mizinga miwili mgongoni. Nikalipaka kijani cha baiskeli yake ya ukatekista. Mashine ilipouliza jina, vidole viliandika Ukumu, jina lake, kabla sijafikiri. Nilifurahi, nisikudanganye. Nilimwona Baba amesimama, ameshiba, hakuna wa kumsukuma.

Kwetu jina la marehemu halichezewi kabla msalaba wake haujasimikwa kaburini. Nalijua hilo tangu utoto. Siku ile nilijiambia kwamba mchezo ni mchezo tu.

Mpinzani wangu alikuwa dereva wa pikipiki kutoka Kpandroma. Jitu lake lilikuwa jembamba, miguu ya panzi, kisu kimoja basi. Nikabonyeza maneti, kile kidude cha mkononi cha kuchezea, ligeuke; langu likageuka kama mtu anayeamshwa usingizini, na kabla halijamaliza, mwenzangu yuko mgongoni. Akanikata mguu. Nikapiga mizinga, ikapiga hewa. Chumba kizima kikapiga kelele: "Ukumu ameanguka! Ukumu anaungua! Mumalize Ukumu!" Na mimi, Mama, nilikuwa nacheka pamoja nao. Hilo ndilo linaloniua kwa aibu.

Ndipo nikamwona Shangazi mlangoni, dada wa damu wa Baba, amebeba samaki mlionitumia.

"Ni Ukumu gani ule banachoma?" akauliza.

"Ni muchezo tu, Shangazi."

"Nani aliipatia ile jina?"

"Ni miye."

"Kaka yangu tulimuzika mara moja," akasema. "Weye umemuua tena, na batu banapiga makofi."

Akaweka samaki chini, akaondoka. Nilimfuata mpaka barabarani, hakugeuka. Yule kijana wa Kpandroma alinijia mbio: "Yaya, dada yangu, unisamehe, sikujua kama ni jina ya papa yako." Yeye ana kosa gani? Mimi ndiye niliyempeleka Baba uwanjani.

Nikarudi ndani nilifute lile jitu. Mashine ikaniuliza kwa Kifaransa kama kweli nataka kumfuta Ukumu. Nikikubali, nimemfuta kwa mkono wangu mwenyewe. Nikikataa, kesho mtu mwingine atamchagua na kumwangusha tena. Nikabonyeza ndiyo. Nililia mbele ya wateja, wala sikujificha.

Sasa msalaba unasimikwa mwezi ujao, na mzaliwa wa kwanza ndiye anayelitaja jina la marehemu kwa sauti mbele ya watu. Mzaliwa wa kwanza ni mimi. Kinywa changu nakionea haya. Mwambie Shangazi nitamwomba msamaha kwa magoti mbele ya ukoo, si kwa simu, ndiyo maana sikupiga. Akisema nisilitaje, Innocent mdogo wangu atalitaja, nami nitasimama nyuma pamoja na majirani. Sitanung'unika.

Nisalimie huyo Innocent, mwambie cherehani yake isilale njaa. Nisalimie Baba Mkubwa, mpiga kengele wetu. Na Bibi, msalimie kwa sauti kubwa, la sivyo atasema sikumkumbuka.

Nimejaribu kulitamka jina la Baba peke yangu jikoni, nijizoeze, na sauti inagoma. Kwa hiyo nakuomba kitu kimoja tu. Ukinijibu, anza kwa kuniita binti Ukumu, kama unaona bado nastahili. Hapa chini nimeweka jina langu tu.

Mwanao,
Giramia