Kichaka cha Mama Kilichopogolewa Kama Chai

S.L.P. 61,
Boito.
9 Novemba 2024

Mpendwa dada Chepchumba,

Chamgei. Natumaini upepo wa huko Tasmania haujakumaliza. Sisi tuko wazima, na Mama pia, isipokuwa goti lake, ambalo siku hizi linatabiri mvua kuliko redio.

Ulipotuma picha ya kile kichaka cha maua meupe kwenye majimaji ya pwani ya huko, uliuliza kama chetu cha kinamasini bado kiko. Kiko, ingawa kimepitia mambo.

Unakijua: kifupi, kigumu, miguu majini mwaka mzima na hakiozi. Ijaribu chai hivyo uone. Lakini kilikuwa kimezeeka, na mwaka jana kilitoa maua mawili matatu tu. Kaka Gibson, anayetaka kukausha kinamasi apande chai, alifurahi kama mtu aliyesikia bonasi ya chai imepanda. Mama akamwambia, "Siku kitakapokosa maua kabisa, chimba mitaro yako. Kabla ya hapo, usiguse maji yangu."

Mwezi wa saba Gibson akamleta Onyiego kupogoa chai, akamwagiza akate mpaka majini. Onyiego ni mtu wa kutii. Alishuka na panga kwenye ukungu, mstari kwa mstari, akakisawazisha kichaka pamoja na chai, kimo kimoja. Kazi safi, sikuona kosa.  Mama alikaa amelipa shamba mgongo. Gibson akanunua miche ya chai.

Halafu mvua ikanyesha. Jumapili iliyopita tulitoka kanisani, tukakuta kichaka ni cheupe kote, bapa kama meza, na nyuki wamejaa hata hawana nafasi ya kugombana. Nimekitazama tangu utoto na sijawahi kukiona hivyo. Kumbe kilikuwa kinangoja panga.

Gibson alisimama pale, jembe begani. Mama akamwuliza:

"Gibson, nani alimtuma Onyiego akate mpaka majini?"

"Ni mimi, Mama."

"Asante, mwanangu. Baada ya miaka mitatu, chai ikifika kupogolewa, umwite tena."

Miche ameipanda huko juu karibu na barabara. Jua likiwaka, anashuka na ndoo kuichotea maji kinamasini, na hupita kando ya kichaka polepole, asiguse ua.

Fancy na Cheptoo hapa nyumbani wanakusalimu, na Mama anasema uvae soksi. Mungu akutunze majini na nchi kavu.

Ni mimi ndugu yako akupendaye,
Bethwel