Kikongwe Niliyemfukuza kwenye Gemu

Jumatatu, 3 Juni
Duka la mbegu kimya. Bariadi yote iko kwenye pamba. Nimecheza gemu kwenye simu mchana kutwa. Mimi ni mtemi wa kijiji chenye njaa. Leo watu wangu wamemleta kikongwe, eti ndiye anayezuia mvua. Nimlinde au nimfukuze? Nikabonyeza: mfukuze. Mvua ikanyesha. Nikavuka hatua.

Jumanne, 4 Juni
Namfikiria bado. Picha tu. Hana njaa, hana hata jina. Mbona naona aibu? Nimeshaua askari wengi humo humo, sikujali. Lakini wao walikuja na mikuki. Huyu hakunikosea kitu.

Alhamisi, 6 Juni
Nimeanza upya, makusudi nimlinde. Nimemlinda. Watu wakahama, ghala likabaki tupu. Nikafuta yote, nikarudi, nikamfukuza tena. Hii imeniuma zaidi. Safari hii nilijua.

Kulwa, mwenzangu wa dukani, alicheka nilipomweleza. Akasema ni simu tu iliyouliza. Ndiyo. Lakini aliyejibu ni mimi.

Ijumaa, 7 Juni
Basi niandike. Hakuna atakayesoma.

Sengi Milembe, dada yake baba, ndiye aliyenilea mama alipofariki. Mwaka ule ng'ombe walipokufa kijijini kwetu Mkula, majirani walisema ni yeye aliyewaroga. Ushahidi wao macho mekundu. Macho ya moshi wa jikoni, nami nilijua, nilipika naye. Wakakaa kikao uani kwetu. Wakauliza nani wa mji huu atamsimamia. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, si mtoto. Niliogopa wangenigeukia. Nikatazama chini.

Aliondoka siku ileile, akaenda Kalemela kwa rafiki yake muuza dagaa. Miaka tisa sasa. Sijakanyaga huko.

Mwoga mimi.

Jumapili, 9 Juni
Nimekwenda Kalemela baada ya ibada. Nilimkuta anaanika dagaa. Amekonda. Nikapiga magoti, nikamwamkia. Akaitika vizuri, akauliza habari za watu wa nyumbani mmoja mmoja.

Nikamwambia siku ile nilikuwepo na nilinyamaza.

"Nilikuona, Kabula," akasema. "Wale wengine sikuwangoja. Nilikungoja wewe."

Hakusema amenisamehe. Sikuthubutu kuomba.

Baadaye akasogea, akanipa nafasi kando yake. Tukageuza dagaa mpaka jua likapoa. Akaniuliza kama nimekula.